Mlio Katika Mazishi ya Tatay Dulo

Tatay Dulo alikufa Jumanne baada ya chakula cha mchana, ameketi kwenye kiti chake mbele ya gereji, kikombe mkononi, na kahawa haikumwagika. Mjini kwetu habari ya kahawa ilienea haraka kuliko habari ya kifo. Watu walisema mikono iliyotulia maisha yote haiwezi kutetemeka dakika ya mwisho.

Tatay ni baba na Nanay ni mama, na sote tuliwaita hivyo ingawa mzee na mkewe, Nanay Ising, hawakujaliwa mtoto.

Mimi naitwa Puring. Nina duka la vipuri mkabala na soko, na kwa miaka ishirini na sita nimewauzia mafundi wa mji huu mikanda, beringi, plagi na pampu. Niwaambie ukweli wa biashara yangu: fundi mzuri ni hasara. Fundi mzuri hununua beringi moja akaenda zake. Fundi mbaya hununua beringi, kesho pampu, keshokutwa mkanda, wiki ijayo anarudi kununua beringi tena. Tatay Dulo alikuwa mteja wangu mbaya kuliko wote, Mungu amrehemu.

Sifa yake ilikuwa masikio. Gari likiwa bado linakata kona ya kanisa, yeye hajainua macho kutoka kwenye gazeti, utamsikia: "Valvu ya tatu." Au: "Mwambieni akakaze bolti za ekzosi kwake, asije kunipotezea muda." Gari la Padre Anselmo lilipoanza kulia kama paka, mafundi wengine wawili walilibadilishia mikanda. Tatay Dulo alifungua boneti akatoa paka.

Aliwafundisha kazi watu wengi, lakini walioiva ni watatu. Mkubwa wao ni Santing, mwenye gereji karibu na stendi ya mabasi. Yeye huisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, amefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Wa pili ni Teryo, fundi wa malori na mashine za kupura mpunga, ambaye kwake kila ugonjwa ni nozeli, kile kidude cha kunyunyizia dizeli. Mdogo ni Siso, mwenye chumba cha wateja chenye kiyoyozi, na kompyuta anayoichomeka kwenye gari ikamtajia tatizo kwa namba.

Watatu hawa walikuwa hawasalimiani mwaka wa saba sasa, na chanzo ni vibao. Kibao cha Santing kimeandikwa: MRITHI PEKEE WA MASIKIO YA TATAY DULO. Cha Teryo kimeandikwa vivyo hivyo. Cha Siso kimeandikwa vivyo hivyo, ila kina taa. Mzee mwenyewe alipoulizwa kipi ni cha kweli, alijibu kwamba cha Siso kinasomeka vizuri zaidi.

Kwa siku nne za matanga walikuja wote, kila mmoja akakaa meza yake, akanywa kahawa yake, akatafuna biskuti zake akiutazama ukuta. Asubuhi ya mazishi Nanay Ising aliwaita jikoni. Mimi nilikuwa naosha vikombe, nikasikia.

"Hatukuzaa," aliwaambia. "Kwa hiyo nyinyi ndio mtakaotembea mstari wa kwanza nyuma ya gari. Pamoja. Mkitaka kununiana, nunianeni huku mnatembea."

Tukatoka kanisani saa nane mchana, mwezi wa nne, jua likichoma lami mpaka inanata kwenye viatu. Mbele ilikwenda bendi ya matarumbeta, kisha Padre Anselmo, kisha gari la maiti, jeupe, refu, mali ya Manang Salud Abrenica, mwenye kampuni ya mazishi. Manang ni dada mkubwa, kama Manong alivyo kaka mkubwa; Salud maana yake ni afya, na mwenyewe ameshachoka kusikia watu wakilicheka jina lake. Nyuma ya gari alikwenda Nanay Ising, nami pembeni yake nimemshikia mwavuli. Kando yetu walipanga mstari, Santing kushoto, Teryo kulia, na Siso katikati akikwepa mabega ya wote wawili. Nyuma yetu ulikuja mji mzima ukisali rozari.

Wazee wetu wanashikilia kwamba gari la maiti likishaondoka kanisani halisimami. Likisimama njiani, marehemu anasubiri mwenzake wa safari, na mwenzake atatoka miongoni mwa waliokuwapo. Hakuna mtu aliyewahi kujitolea kulithibitisha jambo hili.

Tulipovuka daraja ndipo nilipousikia. Tiki-tiki-tiki, krrr. Kama mtu anayekoroga sukari kwenye kikombe cha bati, akapumzika, akakoroga tena. Nilidhani ni bendi. Kisha nikaona kichwa cha Santing kinainama upande, polepole, kama cha kuku aliyeona mdudu. Sekunde tatu baadaye kichwa cha Siso. Teryo akaacha kusali katikati ya Salamu Maria.

"Unasikia?" Siso alinong'ona, haijulikani anamnong'oneza nani, maana hakuna aliyekuwa rafiki yake pale.

"Nasikia nini? Mimi nasali," Teryo akasema.

"Unasali kwa sikio moja?"

Tiki-tiki, krrr.

"Nozeli," Teryo akasema.

"Nozeli! Nozeli ingelia kwa mpigo wa injini, Manong. Hiki kitu kinalia kinapotaka chenyewe. Hiyo ni valvu imelegea."

"Valvu haikwaruzi, we mtoto wa kiyoyozi."

"Nyamazeni," Santing akawakaripia. "Hamwoni mko msibani?" Akatembea hatua kumi, mikono kifuani, uso wa huzuni. Kisha akasema bila kugeuka, "Beringi ya pampu ya maji."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa miaka saba. Nanay Ising alitazama mbele tu. Sikuweza kujua kama amesikia.

Mwendo wa mazishi ni mwendo mbaya kwa injini. Inakwenda taratibu, joto linapanda, hakuna upepo. Mlio ukazidi. Siso akatoa simu, akainyoosha kuelekea gari. Wanawake wa nyuma walidhani anapiga picha za kumbukumbu, kumbe ana programu ya kusikiliza injini. Aliitazama, akakunja uso, akairudisha mfukoni.

"Imesemaje?" Teryo akauliza.

"Hakuna kitu."

"Sema, usituchoshe."

"Imesema ni injini ya silinda kumi na nne," Siso akasema. "Imehesabu na ngoma ya bendi."

Teryo alicheka, kisha akakumbuka mahali alipo, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Ili kujisafisha akaharakisha hatua mpaka ubavuni mwa gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akatembea nalo hivyo, ameinamisha kichwa. Alikuwa akitafuta mtetemo. Nyuma yangu nikasikia mwanamke anaangua kilio. "Mtazameni Teryo," alisema. "Hataki kumwacha aende." Kilio kikapita mstari hadi mstari kama moto kwenye mabua.

Santing hakuweza kuvumilia kushindwa na mtu wa nozeli. Alinigeukia.

"Puring, niazime mwavuli."

"Nimemshikia mjane."

"Nitaurudisha sasa hivi."

Akaunyakua. Ulikuwa mwavuli wa zamani, mrefu, wenye ncha ya chuma. Akaukunja, akaenda upande wa pili wa gari, akaigusisha ncha kwenye bodi juu ya gurudumu la mbele, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, akawa anatembea kiubavu kama kaa. Nanay Ising akabaki na jua lote la mwezi wa nne utosini. Nikamfunika kwa leso.

"Anamnong'oneza," watu walisema nyuma. "Anamwomba radhi."

Padre Anselmo aligeuka, akawaona wawili wamelikumbatia gari huku na huku na wa tatu anakimbia mbele ameinama kuchungulia chini yake. Akadhani wanagombania kubeba jeneza. Akawainulia mkono, akawabariki, akaendelea.

Walirudi mstarini wakitoka jasho, na sasa hawakunong'ona tena. Walibishana kwa sauti, wakiikata kila inapofika zamu yao ya kuitikia rozari.

"Ukiishika boneti unasikia kabisa inatoka mbele. Nozeli hazipo mbele, sawa, nakubali, lakini..."

"Utuombee sisi wakosefu..."

"Nimesema pampu! Tangu mwanzo nimesema pampu!"

"Sasa na saa ya kufa kwetu, amina. Pampu ingekuwa imeshavuja, Manong Santing. Hebu angalia barabarani, kuna tone hata moja?"

Mimi nilikuwa nafikiria rafu za dukani. Pampu ya gari lile ninayo, nozeli ninazo, valvu ninaagiza. Nisameheni, nilikuwa na huzuni pia.

Mwishowe Santing akakumbuka kitu ambacho mzee aliwafundisha siku ya kwanza, kwamba kabla ya kuuliza injini, muulize dereva. Akaenda kugonga kioo. Dereva, mzee mmoja aitwaye Bundyo, alikuwa amefunga vioo vyote, kiyoyozi kinavuma, macho mbele. Akashusha kioo kidogo.

"Bundyo, huo mlio umeanza lini?"

"Mlio upi?"

"Huo!"

Bundyo akasikiliza. "Ah, huo. Una wiki tatu. Tangu Tatay Dulo alipotuwekea radieta mpya. Nikadhani ndivyo radieta mpya zinavyolia." Akapandisha kioo.

Santing akarudi mstarini. Sote tulikuwa tumesikia. Mtu wa mwisho kuligusa gari lile alikuwa ndani yake, amelala, amevaa shati lake jeupe la Krismasi.

Tulitembea hivyo mpaka kona ya kinu cha mpunga, na mlio nao ukatembea na sisi.

"Mimi sasa siusikii," Teryo akasema.

"Hata mimi," Siso akasema. "Nafikiri ilikuwa ni bendi."

"Magari yote ya aina hii yana kamlio," Santing akasema. "Ni tabia yake. Kiwanda ndivyo kilivyolitengeneza."

Tiki-tiki-tiki, KRRR.

"Mimi nausikia," Nanay Ising akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa tangu kanisani. Wote watatu walimgeukia.

"Hiyo si injini," akaendelea, macho mbele bado. "Injini ikiugua inalia kwa zamu. Hicho ni chuma kimelala juu ya chuma kingine, kinatikiswa. Gari likikata kona kinasogea. Miaka arobaini na tisa nimekula chakula cha jioni na mtu anayenisimulia milio. Mnadhani nilikuwa naitika tu?"

Na hapo tukafika mwanzo wa kilima cha makaburi.

Ni kilima kifupi, hata mbuzi hakihesabu. Bundyo akabadilisha gia, gari likainua pua, na ndani ya boneti kitu kikateleza, nikakisikia kinateleza kwa utulivu kabisa, kisha ukatokea mlio ambao haukuhitaji fundi. Paa! Vipande vya feni vikagonga chuma, mvuke ukaruka, maji yakamwagika kwenye lami, na gari la maiti likasimama.

Bendi iliendelea hatua kadhaa, tarumbeta moja moja likizimika. Kisha mji mzima ukapiga ishara ya msalaba kwa pamoja, na nikaona macho yanaanza kuzunguka, watu wakihesabiana. Macho mengi yalitua kwa Lolo Ambo, babu yetu sote, mwenye miaka tisini na minne, aliyekuwa amekaa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu.

"Msinitazame mimi!" Lolo Ambo akafoka. "Nina mbegu za mpunga zimelowekwa nyumbani!"

Mafundi watatu walikuwa wameshafika kwenye boneti. Mimi nilifuata mwavuli wangu. Ndiyo maana nilikiona walichokiona. Mvuke ulipotawanyika, kati ya vipande vya feni, imejichomeka kwenye radieta mpya kama kisu kwenye papai, ilikuwepo spana namba kumi na mbili. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa utepe mwekundu, na chini ya utepe imekwanguliwa herufi D kwa tupa. Hakuna fundi mjini asiyezijua zile spana. Mzee hakumwazima mtu. Jioni alikuwa akizihesabu kama kuku, na aliyesahau kifaa ndani ya gari la mteja alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Hakukuwa na rufaa.

Santing aliishika ile spana na kuiachia, maana ilikuwa ya moto. Akavua kitambaa cha shingoni, akaichomoa, akaitia ndani ya suruali chini ya shati. Aliumia, niliona. Hakusema hata "ai."

"Funga boneti," akasema.

Wakati huo Manang Salud alikuwa anapanda kutoka nyuma akijipepea kwa nguvu. "Nini? Nini? Gari langu limefanya nini?"

Walitazamana wale watatu. Nimewafahamu tangu wana nywele, sijawahi kuwaona wakitazamana vile.

"Radieta, Manang," Siso akasema. "Imechoka."

"Imechoka? Ina wiki tatu! Dulo mwenyewe ameiweka, na Dulo hajawahi kukosea. Nani ameligusa gari langu baada yake?"

Hapo ndipo ningesema kitu, nami nikanyamaza. Nanay Ising alikuwa amesimama hatua tano, mikono imeshika rozari.

"Mimi," Santing akasema. "Jana. Nilipita uani kwako nikaona mkanda umelegea. Nikataka kuukaza, kwa heshima ya mzee. Labda sikukaza vizuri."

"Si yeye," Teryo akasema. "Ni mimi niliyemshikia. Mimi ndiye niliyelegeza feni."

"Waongo hawa," Siso akasema. "Wananifichia. Ni mimi niliyeacha kifaa ndani, Manang. Kompyuta iliniambia nimemaliza, nikaamini kompyuta."

Watu hawa mwaka uliopita walikuwa hawakubali kosa hata likiwa limelala juu ya meza na lina majina yao. Santing aliwahi kuniletea pampu aliyoipasua kwa nyundo akasema nilimuuzia imepasuka. Sasa walikuwa wanasukumana, kila mmoja anataka kosa liwe lake.

Manang Salud aliwasikiliza wote. Aliwaamini wote.

"Watatu!" akasema. "Gari langu limeguswa na mafundi watatu bila ruhusa yangu, na watatu hawakuweza kukaza mkanda mmoja! Mzee hajafika hata kaburini! Angewaona leo angekufa tena." Akaligeukia jeneza, akaweka mkono kwenye kioo. "Pole, Dulo. Nilijua. Siku ile ulipoondoka uani kwangu nilisema, hakuna mwingine."

"Kweli, Manang," Santing akasema, mkono umeshikilia tumbo mahali spana inapounguza.

Gari halikuweza kwenda, na jeneza haliwezi kungoja juani. Wakalibeba begani, Santing na Teryo mbele, Siso na Bundyo nyuma, na wanaume wengine wawili katikati. Siso ni mfupi, kwa hiyo jeneza lilikwenda limeinamia upande wake mpaka juu. Alilia njia nzima, na sijui kama ni kwa mzee au kwa bega. Watu wanasema hadi leo hawajawahi kuona wanafunzi wanaompenda mwalimu namna ile, na ni bahati mbaya tu hawajui kazi.

Kaburini, bendi ilipopiga wimbo wa mwisho, Santing akajisogeza karibu na shimo, mkono chini ya shati. Alitaka kuitupa ndani pamoja na maua, jambo liishe. Nanay Ising akanyoosha kiganja.

"Nipe."

"Nikupe nini, Nanay?"

"Santing. Unatembea kama mtu aliyemeza kijiti. Nipe."

Akampa, imefungwa kwenye kitambaa. Nanay Ising akaifungua, akaitazama. Tulikuwa watano tu karibu, na matarumbeta yalikuwa juu sana, kwa hiyo alichosema wengine hawakukisikia.

"Wiki tatu ananiuliza iko wapi," alisema. "Alipekua gereji nzima, alipekua jikoni, alipekua hadi mto wangu. Jumamosi akasema nimemuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi! Nikamwambia, mzee, umeiacha kwenye gari la mtu. Akasema yeye hajawahi kuacha kitu kwenye gari la mtu tangu azaliwe. Tukanuniana. Jumapili hatukusema. Jumatatu hatukusema. Jumanne nikamwekea kahawa mezani bila neno, nikaenda kuosha sahani."

Teryo akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Nanay Ising akainama juu ya jeneza, lililokuwa bado halijashushwa, akagonga kifuniko kwa ile spana, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

"Dulo," akasema. "Ilikuwa kwenye gari la mtu."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka nikamshika kiuno asianguke, na katikati ya kicheko kilio kikaja, cha kwanza tangu Jumanne. Wale watatu wakasimama mbele yake bega kwa bega, wamempa mgongo yeye na kuwapa uso watu, ili mji usione. Padre Anselmo alidhani wanaimba.

Spana hakuizika. Aliniambia, chuma kizuri vile, kwa nini kikaoze. Anapondea kitunguu saumu.

Manang Salud hakuwasamehe. Aliwataka walitengeneze gari lake, watatu wote, kwa kuwa watatu wote ndio walioliharibu, na wakafanya kazi hiyo siku kumi kwenye gereji ya Siso, wakitukanana kuanzia asubuhi. Niliwauzia radieta, feni, mikanda miwili na beringi ya pampu ya maji, ambayo Santing aliing'ang'ania ibadilishwe ingawa haikuwa na shida yoyote. Walirudi kusalimiana. Vibao wameviondoa, kwanza Teryo, kisha wengine, maana ilikuwa vigumu kujiita mrithi wa masikio mtu anayejulikana mji mzima kwa kushindwa kukaza mkanda. Wateja kadhaa waliwakimbia, wakaanza kwenda kwa mafundi wa jijini, ambao hubadilisha kila kitu na hawasikilizi chochote. Vipuri hununua kwangu kabla ya kwenda, na biashara yangu haijawahi kuwa nzuri hivi.

Mwezi uliopita Manang Salud alitundika picha kubwa ya Tatay Dulo uani kwake, ndani ya fremu ya dhahabu, juu ya mahali wanapoegesha gari la maiti. Chini yake ameandikisha: FUNDI AMBAYE HAKUSAHAU KITU. Aliwaalika Santing, Teryo na Siso waje kuona, na wao wakaenda, wamevaa mashati safi. Aliwasimamisha chini ya picha kwa nusu saa akiwaeleza maana ya uangalifu.

"Mnaelewa?" aliwauliza mwishoni.

"Tunaelewa, Manang," walisema.

Nanay Ising alialikwa pia. Alituma salamu kwamba ana nguo za kufua.